Kigae cha kioo hukatwa kwa mkwaruzo mmoja

WENGI wanaojiwekea vigae vya kioo jikoni au bafuni hupata hasara kwa kuvikata kana kwamba ni vya udongo. Kioo hupasuka kwa kufuata ufa. Kazi ya mkataji ni kuuchagulia ufa huo njia.

Kwanza pima, utie alama na kuweka rula ya chuma. Pitisha kikatio cha gurudumu, kilichochovywa katika mafuta ya taa, mara moja tu kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiurudia mstari, utazua nyufa za pembeni na kigae kitavunjika ovyo. Kisha kibane kwa koleo mwishoni mwa mstari, ubonyeze taratibu.

Nafasi ya soketi huhitaji msumeno wa diski ya almasi unaotiririshiwa maji. Bila maji, sehemu inayokatwa hupata joto na kutanuka kuliko nyingine, nacho kioo hupasuka. Toboa kwanza tundu la mviringo konani, maana pembe kali ndiyo huanzisha ufa.

Vaa miwani ya kinga, usugue kingo kwa jiwe lililoloweshwa, na uzoe vipande vyote: watoto hutembea peku.