Je, Wajua? Paa la Gari-Nyumba Huanza Kuoza Chini ya Mpira
Katika magari-nyumba mengi ya zamani ya Marekani, paa linalovuja mara nyingi huwa limeshaoza kabla doa halijaonekana darini. Juu kuna utando wa mpira uliobandikwa kwa gundi kwenye plaiwudi. Maji hupenya kwenye viungo, hasa kando ya matundu ya hewa na kiyoyozi, kisha husambaa kimyakimya. Wapo wanaosema kupaka rangi ya kuzuia maji ni nafuu. Ni nafuu kweli, kwa paa kavu. Juu ya mbao zilizolowa, rangi hiyo hufungia unyevu ndani, na kuvu waozeshao mbao, ambao hawastawi unyevu ukiwa chini ya asilimia 20, hupata makao. Ndiyo maana fundi makini hubandua utando, hukata plaiwudi iliyolainika na kuweka nyingine, ndipo abandike mpira mpya.