Mto Mwepesi na Haki ya Shingo

Alasiri ya Alkhamisi, wizara zilizopangana katika mtaa wa Al Khuwair zinapofunga milango yake na watumishi wa serikali wanapotoka kuzielekea Ijumaa na Jumamosi, ambazo tangu Mei 2013 ndizo siku za mapumziko katika Omani, huonekana mbele ya nyumba nyingi magari yakipakiwa mahema, madebe ya maji, makaa, masufuria na birika la kahawa. Na safari hizi, zianzazo joto linapolegea mwezi wa Oktoba na kudumu hata Machi, ni miongoni mwa starehe kuu za watu wa Maskati katika majira ya baridi. Wako waendao Ramlat al-Wahiba, nchi ya mchanga yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 12,500. Wako wapandao Jabal Shams, mlima wenye kimo cha mita 3,000 hivi, ambako baridi ya usiku wa Januari huweza kushuka chini ya sifuri. Na wako waridhikao na pwani ya Yiti au ya Fins, wakalala karibu na maji.

Katika matayarisho hayo yote, kitu kimoja aghalabu hughafilikiwa, nacho ni kile kitakacholaziwa kichwa. Mtu atalichagua hema kwa makini, atauliza habari za fuko la kulalia na kiasi cha baridi linachoweza kukihimili, atapima uzito wa jiko na wa kamba. Kisha ikifika zamu ya mto atasema kwamba shati lililokunjwa litatosha, au atachukua dukani ule ulio mwepesi kuliko yote, akidhani kuwa maadamu mzigo umepungua basi hekima imetimia. Matokeo yake ni shingo iliyokakamaa alfajiri, na mtu aliyekwenda kilomita mia mbili na zaidi ili aburudike hurejea nyumbani akiwa hoi kuliko alivyoondoka. Mimi nashikilia kwamba mto wa safari huchaguliwa kwa kimo kwanza na kwa uzito baadaye, na kwamba mwenye kuigeuza kanuni hii hubeba gramu chache ambazo usiku hazimfai kitu.

Wasafiri wa zamani hawakughafilika hivi. Pagazi wa misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, alibeba mzigo wa frasila mbili, yaani takriban kilo 32, na juu ya mzigo huo wa tajiri akaongeza mkeka wake wa kulalia, kwa kuwa alijua kwamba asiyelala leo hatabeba kesho. Mturkana wa kaskazini ya Kenya ana ekicholong, kigoda kidogo kilichochongwa katika kipande kimoja cha mti na kufungwa ukanda wa ngozi wa kukishikia, ambacho mchana hukikalia na usiku hukiweka chini ya kichwa, na kwa njia hiyo nywele zilizotengenezwa kwa taabu hazigusi vumbi. Wasomali wanacho cha kwao kiitwacho barkin. Na katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa na Howard Carter huko Misri mwaka 1922, vilipatikana vya namna hiyo hiyo, kimojawapo kikiwa cha pembe ya ndovu. Vyombo hivi havina ulaini hata chembe, bali vina kimo, na vizazi vingi vya watu waendao masafa marefu kwa miguu vimelala juu yake. Nayo ni dalili iliyo wazi kwamba kazi ya kwanza ya mto ni kuishika shingo, na ulaini hufuata baada ya hapo.

Kimo hicho ni cha kiasi gani? Jawabu hutokana na namna ya mtu kulala. Alalaye chali huhitaji kiasi kidogo tu, cha kuujaza mwinamo ulioko baina ya kisogo na mabega. Alalaye kifudifudi huhitaji pungufu ya hapo, na pengine asihitaji kitu. Bali alalaye ubavu, nasi Waislamu tumezoeshwa tangu utoto kuuanza usingizi kwa ubavu wa kulia kwa kuifuata Sunna ya Mtume, rehema na amani zimshukie, huhitaji mto ulioinuka sawa na masafa yaliyopo baina ya ncha ya bega na sikio, ambayo kwa watu wazima wengi ni sentimita 10 hadi 15. Ukipungua, kichwa huning'inia; ukizidi, shingo hupindika upande wa pili. Kipimo chake ni rahisi: lala ubavu juu ya sakafu, si juu ya godoro, kisha mwambie nduguyo akae mbele yako atazame kama pua, kidevu na mfupa wa kifua vimefuata mstari mmoja ulio sambamba na ardhi. Mstari ukiinama kuelekea chini, mto ni mfupi. Ukipanda, ni mrefu. Na hukumu hii ya jicho la mwenzio ni bora kuliko maneno yote yaliyoandikwa juu ya kifuko cha dukani.

Lakini ardhi nayo ina hukumu yake. Katika mchanga wa Wahiba, mtu akifukua kidogo chini ya mkeka wake mahali pa bega na mahali pa nyonga, bega huzama, na mto ulio mrefu uliomfaa nyumbani humzidi. Ilhali katika miamba ya Jabal Shams, juu ya mkeka mwembamba, bega halizami hata kwa unene wa kidole, na mto ule ule huonekana haba. Kwa hiyo anayetaka mto mmoja wa kumfaa mchangani na mlimani hana budi kuutafuta unaokubali kuongezwa na kupunguzwa.

Hapo ndipo ilipo fadhila ya mto wa kujazwa upepo. Mzuri wa namna hiyo huwa na uzito wa gramu 60 hadi 120, ukikunjwa huenea katika ngumi, na kwa pumzi chache hujaa. Wengi huukosea kwa kuujaza hata ukawa mgumu kama mpira wa kuchezea, kisha wakaulaumu kwamba unawatupa vichwa. Njia iliyo bora ni kuujaza ukaze, kulala juu yake kwa ubavu, halafu kuugusa mdomo wake kwa ncha ya kidole upepo utoke kidogo kidogo, mpaka sikio lizame na shingo ihisi kuwa imeshikwa, hapo uufunge. Mto wa sponji iliyokatwakatwa huwa na gramu 200 hadi 350. Huhifadhi joto la kichwa, haupigi kelele mtu ageukapo, wala hauogopi mwiba, ila hula nafasi katika shanta, na ile sponji nzito inayofuata umbo la kichwa hukakamaa penye baridi kali. Mto wa manyoya ya bata ni mwepesi na wenye vuguvugu, nao huafikiana na baridi kavu ya mlimani. Bali ukilala nao Fins, ambako umande wa bahari hulowesha kila kitu kilichoachwa nje, manyoya hugandamana na mto husinyaa.

Wazee waliozaliwa Unguja na Pemba, wakahamia huku baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani warejee, hawauamini mto usiokuwa wa usufi. Shangazi yangu hukaa juu ya mkeka katika nyumba yake ya hapa Al Khuwair, akauchambua usufi mbegu moja moja, akautia katika mfuko wa marekani pasipo kuushindilia, kisha akaushona mdomo kwa mishono ya karibu karibu ili hata uzi mmoja usitoroke. Akiwaona vijana wanafunga safari bila ya mto, humwita mkubwa wao. “Mwanangu, kichwa ndicho mwenye nyumba, ukikilaza vibaya, viungo vyote vitaamka na kesi.” Kijana hujibu, “Lakini shangazi, mzigo utazidi.” Naye humwambia, “Mzigo wa mto utaubeba mchana mmoja. Mzigo wa usingizi mbovu utaubeba juma zima.”

Hoja ya shangazi ina nguvu. Nyuzi za usufi zina uwazi ndani yake na nta juu yake, hata maji hayaziingii upesi, na kwa sababu hiyo zilikuwa zikijazwa katika maboya ya kuwaokolea mabaharia. Fauka ya hayo ni nyepesi kuliko pamba. Nakisi ya usufi ni kwamba haukunjiki ukawa mdogo, hujikusanya madonge baada ya muda, na hushika moto upesi mno, hata haifai kuuweka karibu na makaa ya kambini.

Ama ile desturi ya kuzikunja nguo na kuzifanya mto, ambayo haiongezi mzigo hata gramu moja, nayo ni nzuri katika siku za wastani tu. Penye baridi, koti lililokusudiwa kuwa mto huvaliwa usiku wa manane, na kichwa hubaki chini; penye joto, hakuna aliyechukua koti. Basi nguo na ziwe nyongeza ya mto, za kuuinua kwa sentimita mbili tatu unapohitaji, wala zisiwe badala yake.

Mwenye mto wa upepo na ajue habari moja ya hewa, hususa akitokea Al Khuwair, mtaa ulio karibu sawasawa na bahari. Katika mita 2,000, ambako ndiko kimo cha kambi nyingi za Jabal Shams, mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 80 ya ule wa pwani. Kwa hiyo mto uliojazwa ukakaza nyumbani, kisha ukatupwa nyuma ya gari, huvimba njiani hata viungo vyake vikateseka. Na ule uliojazwa kambini alasiri, jua likiwa kali, hunywea usiku, kwa kuwa tofauti ya nyuzi 25 za joto hupunguza ukubwa wa upepo uliomo kwa karibu asilimia 8. Mtu huamka akadhani umetoboka, akahangaika na tochi kuitafuta tundu isiyokuwapo, kumbe ni baridi tu. Ujaze ufikapo, na uutengeneze mara ya mwisho uingiapo kulala.

Yako pia mambo madogo yanayotafautisha raha na adha. Kitambaa cha nailoni huteleza juu ya mkeka na hutoa jasho shavuni, hasa pwani. Tiba yake ni kanga iliyokunjwa mara mbili, au kikoi, au hata masari, kilemba cha Kiomani, iuzunguke mto na ncha zake zipitishwe chini ya mkeka, na hapo mto hautembei na shavu hulala juu ya kitambaa kikavu. Penye miti ya samri, ambayo miiba yake hupenya hata kandambili, ardhi ifagiwe kabla ya kutandika, na kiraka na gundi visikose katika shanta. Mchanga nao usiachwe kuingia katika mdomo wa mto, kwani chembe moja yatosha kuufanya uvuje usiku kucha.

Nikitakiwa hukumu, nasema hivi. Anayelala kando ya gari lake hana haja ya mto mwepesi. Na achukue ule wa kitandani mwake, ambao shingo yake imeuzoea, asidanganywe na sifa za gramu. Anayebeba shanta mgongoni kupanda mlima na achukue wa upepo, uliopimwa kwa bega lake, pamoja na kanga ya kuufunikia. Mzee, na kila mwenye maradhi ya shingo, asifanye ubahili wa uzito. Vijana wa safari na wamgawie mizigo, yeye abebe sponji yake.

Wala mtu asidhani kwamba ni anasa tunayoijadili. Njia ya Jabal Akhdar ina mteremko mkali hata polisi wa Birkat al-Mawz hawaruhusu kupanda ila magari yenye nguvu za magurudumu manne, na ya Jabal Shams nayo yataka dereva mwenye macho makali na akili iliyotulia. Na dereva huyo, atakayewarudisha watoto wetu salama, ni yule yule aliyelala jana juu ya shati lililokunjwa. Haki ya shingo yake ni haki ya wote waliomo garini, na anayemchagulia mto unaolingana naye amewalinda wote.