Namna Mfumo wa Tahadhari ya Ardhi Unavyomkinga Rubani na Milima Asiyoiona

Kutoka Mbinga hadi mwambao wa Ziwa Nyasa ni mwendo usiofika kilomita 70, lakini katika mwendo huo nchi hubadilika sana. Msafiri huiacha milima ya Umatengo, yenye vilele vinavyopita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kushuka hadi ziwa lililo katika mwinuko wa takriban mita 474. Mkazi wa Tingi, Wilaya ya Nyasa, huijua nchi hii ya miinuko kwa macho na kwa miguu. Rubani anayepita juu yake usiku, au katikati ya mawingu ya msimu wa mvua, hawezi kuyategemea macho yake. Kwa ajili ya hali kama hiyo, ndege za abiria hufungwa mfumo wa tahadhari ya ardhi.

Wataalamu wa usalama wa anga huitambua aina moja ya ajali kuwa ya pekee: ndege isiyo na hitilafu, injini zake zikifanya kazi na rubani akiidhibiti, hugonga mlima au maji kwa sababu waliomo hawakutambua kuwa hatari iko karibu. Afrika Mashariki inaijua ajali ya namna hiyo. Tarehe 19 Julai, 2003, ndege ndogo ya kukodi iligonga Point Lenana katika Mlima Kenya, na watu wote 14 waliokuwamo walifariki dunia. Tarehe 5 Juni, 2018, ndege iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, na watu 10 walipoteza maisha.

Juhudi za kukabiliana na ajali hizo zilianza miaka ya 1960, pale mhandisi Don Bateman, mzaliwa wa Kanada, alipobuni mfumo wa kwanza wa tahadhari. Mfumo huo ulitegemea kipima mwinuko cha redio, kifaa kinachotuma mawimbi kuelekea chini na kupima muda yanaotumia kurudi. Kwa kipimo hicho, kompyuta ilitambua ardhi inapoikaribia ndege kwa kasi isiyo ya kawaida na kupiga kengele.

Hata hivyo, kifaa hicho kilitazama chini tu, hakikutazama mbele. Chukua mfano wa ndege inayovuka Ziwa Nyasa kuelekea mashariki ikiwa mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Chini yake kuna zaidi ya mita 500 za nafasi, na uso wa maji ni tambarare. Kifaa hakioni jambo lolote la kutia shaka. Mlima huanza kupimwa ndege ikiwa tayari juu ya mteremko wake, muda wa kujiokoa ukiwa umekaribia kwisha. Mwezi Desemba 1995, karibu na Cali nchini Kolombia, marubani wa ndege kubwa ya abiria walipata onyo takriban sekunde 12 tu kabla ya kugonga mlima. Watu 159 walifariki dunia.

Mfumo ulioboreshwa, ulioanza kutumika mwaka 1996, uliziba pengo hilo. Ndani ya kompyuta yake imehifadhiwa ramani ya miinuko ya dunia, pamoja na viwanja vya ndege na vikwazo vinavyojulikana, kama vile minara. Kwa kutumia setilaiti, kompyuta hutambua mahali ndege ilipo, kimo chake, uelekeo na kasi yake, kisha hulinganisha njia iliyo mbele na ramani hiyo.

Matokeo huonekana kwenye skrini iliyo mbele ya rubani. Katika mifumo mingi, rangi ya kijani huonesha ardhi iliyo chini ya ndege kwa nafasi ya kutosha. Njano huonesha ardhi iliyo karibu na kimo cha ndege au juu yake kiasi. Na nyekundu huonesha ardhi iliyoizidi ndege kwa zaidi ya futi 2,000, yaani takriban mita 600. Kwa ndege ya mfano wetu, vilele virefu zaidi vya Umatengo vingeonekana vyekundu rubani akiwa bado juu ya maji.

Rangi huambatana na sauti. Takriban sekunde 60 kabla ya mgongano unaotabiriwa, mfumo hutoa tahadhari ili rubani akague njia yake. Zikibaki takriban sekunde 30, sauti hugeuka kuwa amri ya kuipandisha ndege. Kwa mwendo wa kilomita 360 kwa saa, sekunde 30 ni kilomita 3 tu. Kwa hiyo marubani hufunzwa kutojadili amri hiyo wanapokuwa gizani au mawinguni: huinua pua ya ndege, huongeza nguvu ya injini hadi kikomo, na huendelea kupanda hadi hatari itakapokwisha.

Mfumo hulinda pia wakati wa kutua. Huonya ndege inaposhuka kwa kasi kupita kiasi, inapokaribia ardhi bila kuteremsha magurudumu, au inapopoteza kimo mara baada ya kuruka.

Pamoja na uwezo huo, chombo hiki kina mipaka. Ramani isiyosasishwa haiwezi kuonesha mnara uliojengwa hivi karibuni. Aidha, skrini haikuwekwa ili rubani aitumie kutafuta upenyo kati ya milima; kinga ya kwanza inabaki kuwa maandalizi ya safari na kuheshimu kimo cha chini kilichowekwa kwa kila njia. Tahadhari zisizo za lazima nazo zina madhara, kwa kuwa rubani aliyezizoea huweza kuchelewa kuitikia ile ya kweli.

Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) vinataka mfumo wenye uwezo wa kutazama mbele uwemo katika ndege za injini za tabini zenye uzito wa kuruka unaozidi kilo 5,700, au zilizoidhinishwa kubeba abiria zaidi ya 9. Nchini, usimamizi wa usalama wa anga uko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA).

Wananchi nao wana sehemu yao. Anayekusudia kusimamisha mnara au jengo refu, hasa jirani na uwanja wa ndege kama ule wa Songea, anapaswa kupata kwanza kibali cha urefu kutoka TCAA. Kikwazo kisichotolewa taarifa hakiingii kwenye ramani, na mfumo hauwezi kumwonya rubani juu ya kitu usichokijua.