Kutoka Kariakoo hadi Bongoyo: hesabu za kufanya kabla kikundi chenu hakijapanda boti

Mwisho wa mwaka vikundi vingi vya vikoba huvunja, wanachama hugawana akiba, na wengine hufunga safari ya Dar es Salaam kununua bidhaa Kariakoo. Siku hizi safari hiyo imekuwa nyepesi. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inatoka Morogoro hadi katikati ya jiji, na kituo chake cha Dar es Salaam kiko Ilala, hatua chache kutoka Kariakoo. Waliokuja kwa basi hushuka stendi kuu ya Magufuli, Mbezi, na kupanda daladala ya Kariakoo.

Ukimaliza kununua, huja wazo: kwa nini tusibaki siku moja, tukaone kisiwa? Watu 10 au 12, boti moja, kwenda asubuhi na kurudi jioni. Ni wazo zuri, na linawezekana bila kuwa tajiri. Ila kwa mtu aliyekulia mbali na bahari, siku hiyo huharibika au hunoga kwa mambo yanayoamuliwa mkiwa bado nchi kavu. Makala haya yanayaeleza moja baada ya jingine.

Visiwa gani, na mnafikaje

Kaskazini mwa jiji kuna visiwa vinne ambavyo serikali ilivitenga kuwa hifadhi mwaka 1975: Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini. Wanaokwenda kutembea kwa siku moja wengi huchagua Bongoyo au Mbudya. Kote kuwili hakuna kijiji. Kuna mchanga mweupe, msitu mdogo, vibanda vya makuti vya kujikinga na jua, na samaki wa kuchoma. Bongoyo kuna pia mabaki ya jengo la enzi za Wajerumani. Mbudya kuna mibuyu, na huishi kaa wa nazi, kaa mkubwa kuliko wote wanaoishi nchi kavu.

Boti za Bongoyo huondokea Slipway, Msasani. Kutoka Kariakoo pandeni mwendokasi kituo cha Gerezani hadi Morocco, kisha daladala au bajaji hadi Msasani. Boti za Mbudya huondokea ufukwe wa Kunduchi. Pandeni daladala za barabara ya Bagamoyo, shukeni Kunduchi Mtongani, kisha bajaji hadi ufukweni. Safari ya majini kwenda Bongoyo ni kama nusu saa. Ya Mbudya ni fupi zaidi.

Kuna jambo moja la kuangalia mapema. Foleni ya Dar es Salaam inaweza kula muda mrefu kuliko bahari yenyewe. Kama boti yenu ni ya saa 3 asubuhi, msiondoke Kariakoo saa 2 na nusu.

Mwezi wa kijijini kwako unakuambia habari za bahari

Nchi za bahari ya Mediterania, kama Italia na Ugiriki, safari za boti ndogo kwenda visiwani ni biashara kubwa, na maelezo yake yamejaa kwenye intaneti. Lakini kule bahari hupanda na kushuka kidogo tu, sehemu nyingi haifiki hata nusu mita, kwa hiyo mgeni hahitaji kuuliza habari za maji. Kwetu ni tofauti. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya maji ya juu na ya chini Dar es Salaam huzidi mita 3. Hicho ni kimo cha nyumba hadi kwenye kenchi.

Maji hujaa kwa saa 6 hivi, kisha hupwa kwa saa 6 hivi, mara mbili kwa siku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Kinachoyavuta ni mwezi na jua, na mwezi ndio wenye nguvu zaidi. Ndiyo maana hata ukiwa Kilosa au Ifakara unaweza kukisia hali ya bahari kwa kutazama juu.

Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa ndio kwanza umeandama, ni siku za bamvua. Siku hizo Dar es Salaam maji hupwa karibu saa 4 asubuhi na hujaa karibu saa 10 jioni. Mwezi ukiwa nusu, ni siku za maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na saa zinageuka. Yanajaa karibu saa 4 asubuhi na kupwa karibu saa 10 jioni.

Hii inawasaidia nini? Maji yakiwa yamekupwa, boti inaweza kusimama mbali na ufukwe, na mkashuka ndani ya maji huku mmebeba mizigo kichwani. Mzee mwenye magoti mabovu au mama mjamzito ataona shida. Miamba na matumbawe huwa karibu na miguu, pamoja na viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi ambayo ikichoma huvunjikia ndani ya nyama. Kwa hiyo wekeni viatu vya mpira vya kuingilia majini kwenye orodha yenu ya Kariakoo. Mwezi unawapa makisio tu, saa kamili mwulizeni nahodha siku moja kabla: "Kesho maji yanajaa saa ngapi?" Nahodha wa kweli hulijibu swali hilo bila kufikiri.

Upepo, na maneno mnayosikia redioni

Pwani yetu ina pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma kuanzia karibu Novemba hadi Machi. Kusi huvuma kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, na Juni hadi Agosti huwa na nguvu. Katikati ya misimu hiyo kuna siku za utulivu ambazo watu wa pwani huziita maleleji. Hata siku nzuri, upepo huongezeka mchana na alasiri. Ndiyo maana kwenda asubuhi ni raha, na kurudi jioni sana ni kurushwa na kuloa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa taarifa kila siku, nasi huzisoma hewani. Ikiwa hali ni mbaya, hutumia ngazi tatu. Angalizo ni ya kwanza, rangi ya njano. Tahadhari ni ya pili, rangi ya chungwa. Tahadhari kubwa ni ya tatu, rangi nyekundu. Mara nyingi utasikia "upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2". Mita 2 ni zaidi ya kimo cha watu wengi wazima. Meli kubwa inaweza kuvumilia hayo; boti ya watu 12 haifai kuwa humo kwa ajili ya matembezi. Mkisikia angalizo la bahari kwa ukanda wa Dar es Salaam, ahirisheni. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu Mei 2024, hata boti kubwa za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa.

Mwezi Julai 2012, katikati ya kusi, MV Skagit iliondoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar ikapinduka karibu na Chumbe, na watu wengi wakafa. Ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko boti yoyote ya Bongoyo.

Hesabuni vichwa, kisha hesabuni majaketi

Septemba 20, 2018, kivuko MV Nyerere kilizama Ziwa Victoria karibu na kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Kilizama kikiwa kimekaribia gati, watu wa nchi kavu wakiona. Msifikiri kwamba kuwa karibu na ufukwe ni kuwa salama.

Anayesimamia usalama wa vyombo vya majini nchini ni TASAC, na chombo cha abiria kinatakiwa kukaguliwa na kujulikana kinabeba watu wangapi. Ulizeni idadi hiyo mkiwa bado mmesimama kwenye mchanga. Kama ni 12 nanyi mko 14, hamjawa kikundi kimoja. Mko vikundi viwili. Msikubali neno la "wawili tu watabanana". Na mtoto huhesabiwa kama mtu.

Kisha hesabuni majaketi ya kuokolea, yale ambayo wengi huyaita laifu jaketi. Yawe sawa na idadi ya watu, yavaliwe kabla injini haijawashwa, na yafungwe kamba zote. Jaketi lililowekwa chini ya kiti halimsaidii mtu aliye majini, kwa sababu boti ikipinduka hakuna nafasi ya kulitafuta.

Kina mama wanaobeba watoto mgongoni wasikilize hapa. Jaketi haliwezi kuvaliwa juu ya mbeleko, na mtoto aliyefungwa mgongoni huzama na mama yake. Mtoto ashushwe, avae jaketi dogo la saizi yake, ashikwe mapajani. Kama boti haina jaketi la mtoto, mtoto huyo abaki ufukweni na mtu mzima mmoja. Inauma, lakini ndivyo.

Mkishapanda, kaeni mlipopangwa na nahodha. Boti ndogo hupinduka kirahisi watu wote wakisimama upande mmoja kupiga picha. Anayeogopa kutapika akae karibu na nyuma, ambako boti hairuki sana, na atazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu badala ya kutazama simu. Tumbo lisiwe tupu, wala lisijazwe chipsi mayai dakika 10 kabla.

Mkiwa kisiwani

Anayejua kuogelea mtoni asidhani anaijua bahari. Kaeni pale maji yanapofika kiunoni, na msiwaache watoto peke yao hata kidogo. Mkondo ukikuvuta, usishindane nao kurudi moja kwa moja, utachoka. Elea, inua mkono, piga kelele, na ukiweza ogelea kwa pembeni sambamba na ufukwe hadi utoke kwenye mkondo.

Bebeni maji ya kunywa ya kutosha, kofia na kanga za kujifunika. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, hivyo tumieni kikapu. Taka mlizokwenda nazo rudini nazo.

Na kwa kuwa ni hifadhi, msiokote kombe, msivunje matumbawe, msivue. Si ukali wa bure. Pwani hii iliumizwa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti: mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na vifaranga, na hubomoa matumbawe ambayo ndiyo nyumba yao. Matumbawe hukua polepole sana. Kombe moja ni dogo, lakini wageni ni wengi.

Fedha, na watu wa kuwakwepa

Gharama ziko za aina tatu: nauli ya boti, kiingilio cha hifadhi, na chakula. Ulizeni zote tatu kabla ya kukubaliana, maana mtu anaweza kuwatajia nauli peke yake, kisha mkaja kudaiwa kiingilio. Kiingilio ni malipo ya serikali, kwa hiyo mna haki ya stakabadhi. Raia wa Tanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Nendeni na vitambulisho. Samaki naye ulizeni bei kabla hajawekwa motoni.

Kariakoo na stendi hamkosi kukutana na kijana atakayesema anapanga safari za visiwani, mtumieni fedha kwa simu, boti itawasubiri. Msitume. Nendeni mnapopandia boti, mwoneni nahodha na chombo chake, ndipo mlipe. Ikiwa boti ni ya kukodi yote, lipeni sehemu ya fedha, na nyingine mkirudi salama. Kubalianeni saa ya kurudi na chukueni namba ya simu ya nahodha. Ikiwa ni boti ya nauli ya kila mtu, ulizeni ya mwisho kurudi ni ya saa ngapi, kisha jipangieni ya kabla ya hiyo.

Kabla ya kuondoka

Chagueni mwenzenu mmoja awe mwenye hesabu. Si lazima awe mwenyekiti. Awe mtu asiyeona haya kuuliza. Aandike majina ya wote kwenye karatasi mbili, moja abaki nayo ndugu au mwenyeji wenu mjini pamoja na saa mnayotarajia kurudi. Mwenyeji huyo akiona muda umepita na simu hazipokelewi, apige 112 kwa polisi au 114 kwa Zimamoto na Uokoaji.

Mwenye hesabu ahesabu watu wakati wa kupanda, ahesabu tena kabla ya kuondoka kisiwani, na ahesabu mara ya tatu mkishashuka. Na akisema "leo hatuendi", kikundi kimsikilize hata kama nauli ya bajaji imeshaliwa. Kisiwa kitakuwepo msimu ujao.