Mbwa wa Mpangaji na Maji ya Jabia

Hakuna sheria ya Kenya inayomlazimisha mwenye nyumba kumpokea mpangaji mwenye mbwa, wala inayomkataza. Jambo hilo limeachiwa mkataba wa upangaji, na mkataba ukinyamaza ndipo ugomvi huzuka. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, inayohusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, inampa mwenye nyumba nafasi ya kuomba amri ya kumtoa mpangaji anayewaudhi majirani, na mbwa anayebweka usiku kucha aweza kuwa sababu. Leseni za mbwa nazo, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ni kazi ya serikali za kaunti.

Katika kisiwa cha Kiwayu, kaskazini-mashariki ya mji wa Lamu, suala hili lina uzito ambao sheria hizo hazikuufikiria. Wenyeji wengi ni Wabajuni, Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi. Paka wamezoeleka katika nyumba za visiwa hivi tangu zamani, mbwa hawakuzoeleka. Anayekuja na mbwa mara nyingi ni mgeni wa kazi au mtu aliyekodi nyumba ya ufukweni.

Fikihi ya Kishafi huhesabu mbwa kuwa najisi nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Hata hivyo, madhehebu hayo hayo yanaruhusu kumfuga kwa haja ya kuwinda, kuchunga mifugo au kulinda shamba, na wanazuoni wengi wameingiza humo ulinzi wa nyumba. Imamu Malik alikwenda mbali zaidi, akamhesabu mbwa kuwa tohara. Kanuni nyingine ambayo watu huisahau ni kwamba kitu kikavu hakiambukizi kikavu kingine najisi: mbwa mkavu akipita juu ya sakafu kavu, sakafu haikunajisika. Kinachodhuru ni mate na unyevu.

Hapo ndipo jabia inapoingia. Jabia ni sakafu pana iliyopigwa lipu na kuinamishwa upande mmoja, ili maji ya mvua yateremke hadi kwenye birika. Katika kisiwa kisicho na mto, maji hayo ya masika ndiyo ya kunywa, ya kupikia na ya kutawadhia kwa miezi mingi baadaye. Sakafu hiyo huwa wazi, na mbwa asiyefungwa hana sababu ya kutolala juu yake. Akiacha kinyesi hapo, mvua ya kwanza itakisukuma birikani pamoja na mayai ya minyoo.

Kwa upande wa tohara, birika lenyewe lina kinga. Maji yakifika kulatein, kiasi kinachokadiriwa kuwa karibu lita 200, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu, na birika la jabia hushika maji mengi kuliko hayo. Ndoo ya kutekea haina kinga hiyo. Mbwa akitia mdomo ndani yake mara moja tu, maji yote yaliyomo yameharibika, na ndoo yenyewe yadai kuoshwa mara saba. Wenye kutumia birika hilo wana haki ya kulalamika, na si haki kuwaita washamba kwa sababu hiyo.

Ufukwe nao una wenyewe. Kiwayu imo katika eneo la Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, na kasa hupanda mchangani kutaga. Kasa mmoja hufukia mayai yapatayo mia, nayo hukaa humo takriban miezi miwili kabla ya kuanguliwa. Mbwa huyanusa na kuyafukua. Usiku mmoja wa kuachwa huru watosha kumaliza kiota kizima.

Lililobaki ni kichaa cha mbwa. Karibu kila mtu anayeugua ugonjwa huu duniani ameupata kwa mbwa, na dalili zikishatokea mgonjwa haponi. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha afuate chanjo upesi. Kutoka Kiwayu, safari hiyo huanza kwa mashua. Kwa hiyo cheti cha chanjo ya mbwa, inayorudiwa kwa wakati wake, kinapaswa kuonekana kabla ya ufunguo kutolewa.

Mwenye nyumba yenye ua uliozungushiwa ukuta na birika lake peke yake anaweza kumkubali mbwa wa ulinzi aliyechanjwa, na afanye hivyo kwa maandishi: mbwa afungwe usiku, asifike kwenye jabia wala ufukweni, mpangaji atoe kinyesi kila siku, na sehemu ya dipoziti igharimie kuosha nyumba kabla ya mpangaji mwingine kuingia. Jabia ikiwa ya nyumba kadhaa, mwenye nyumba asitoe ruhusa peke yake. Awaulize kwanza wanaoteka maji hapo, na wakikataa, mbwa asiingie.