Bakteria zenye kuozesha viazi: zinangoja kwanza ziwe nyingi



Jambo hili munalijua. Viazi vya kizungu vimechimbwa vizuri, vimefungwa ndani ya mifuko, vimepakiwa kamiyo huko Masisi ao Lubero. Siku chache tu, mfuko unaanza kutoa maji na harufu mbaya. Wengine wanasema ni mvua, wengine wanasema ni mwenye depo. Mvua inasaidia, lakini mwenye kuozesha ni bakteria inayoitwa Pectobacterium. Ni hiyo hiyo inayoozesha karoti, shu na vitunguu.

Namna inavyoshambulia

Ndani ya kiazi, seli zimeshikamana kwa gundi inayoitwa pektini. Bakteria inatoa enzimu zenye kuyeyusha gundi hiyo. Seli zinaachana, maji yanatoka, kiazi kinakuwa sawa uji.

Lakini haitoi enzimu ovyo. Ikianza mapema wakati ziko chache, kiazi kinasikia ukuta wake unakatwa, kinaamsha ulinzi wake na kuzishinda. Kwa hiyo zinangoja. Kila moja inatoa nje kemikali kidogo, sawa vile mtu anayeita wenzake. Zikiwa chache, kemikali inapotea. Zikizidi mahali pamoja, kemikali inajaa, na zote zinajua: sasa tuko wengi.

Ndani ya kila bakteria kuna protini inayoitwa RsmA. Iko sawa breki: inazuia ujumbe wa jeni usitengeneze enzimu. Kemikali ikijaa, breki inalegea, na enzimu zinatoka kwa wingi. Tena, vipande vya pektini iliyokatwa vinafungua jeni hizo zaidi. Ndio maana kuoza kukianza kunaenda mbio. Mwaka 1993 watafiti walionyesha kwamba bakteria zisizoweza kutoa kemikali ile haziozeshi mmea sawa zingine.

Maana yake kwetu

Kiazi kinaweza kubeba bakteria hizi na kuonekana kizima. Na hakuna dawa ya kuponya kiazi kilichoanza kuoza. Kazi yetu ni kuzuia zisifike kuwa nyingi. Zinapenda maji, joto na mahali pasipo hewa; kiazi kilicholowa kinakosa pumzi, na ulinzi wake unalala.

- Mukate majani, kisha mungoje karibu wiki mbili mbele ya kuchimba, ngozi ikomae.
- Muchimbe siku kavu, musivirushe. Kila kidonda ni mlango.
- Musivioshe mbele ya kuviweka. Muvikaushe kivulini.
- Mutoe vilivyokatwa na vyenye kulowa. Kimoja kinachotoa maji kinaambukiza jirani zake.
- Mifuko ikae juu ya mbao, hewa ipite.
- Visu vya kukatia mbegu visafishwe na maji ya javeli.
- Nyuma ya viazi, mupande mahindi ao ngano, si shu wala karoti.

Depo ni ya wote. Mfuko wa mumoja ukiingia na viazi vyenye vidonda, maji yake yatashuka juu ya mfuko wa mwengine aliyechunga vizuri. Kwa hiyo mwenye kupokea akikataa mfuko uliolowa, tusimuite mubaya. Analinda pesa ya kila memba, na mbegu ya msimu unaokuja.