KUVUJA KWA OILI KATIKA PIKIPIKI YA CHAMA: CHANZO NA DAWA YAKE

Pikipiki ya chama ni mali ya wanachama wote, sawa na mizani na ghala. Hata hivyo, mara nyingi pikipiki ikianza kuvuja oili, katibu hununua chupa nyingine, akaongeza, na safari ikaendelea. Desturi hiyo huficha ugonjwa badala ya kuutibu, na gharama yake hulipwa na mwanachama.

Katika Honda CG 125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 na ambayo injini yake imeigwa na pikipiki nyingi za Kichina, oili moja hutumikia injini, klachi na gia kwa pamoja, nayo haizidi sana lita 1. Anayepoteza nusu lita njiani amepoteza nusu ya kinga ya mashine nzima.

Kutafuta chanzo

Pikipiki isafishwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe, kisha sehemu ya chini ipakwe poda. Baada ya mwendo mfupi, unyevu utaonyesha mahali penyewe. Sehemu za kuangaliwa ni hizi:

(a) Bolti ya kumwagia oili na washa yake.
(b) Sili iliyo nyuma ya sproketi ndogo ya mnyororo.
(c) Sili ya shafti ya pedeli ya gia.
(d) Gasketi za vifuniko vya pembeni.

Sili iliyo nyuma ya sproketi huharibika upesi. Mnyororo uliokazwa mno huvuta shafti upande mmoja, na mchanga unaonata hapo husaga mpira. Shafti ikichezacheza inapotikiswa juu na chini, beringi nayo imechakaa. Kubadili sili peke yake hakutafaa.

Kubadili sili

Oili imwagwe kwanza. Bolti za sproketi zilegezwe mnyororo ukiwa bado umefungwa na breki ya nyuma imekanyagwa. Sili ya zamani ing'olewe kwa uangalifu, bila kukwaruza shafti. Mpya ipakwe grisi mdomoni, upande wenye springi uelekee ndani, na igongwe taratibu kwa bomba lenye upana sawa nayo ili isiingie upande. Ziko mashine ambazo sili hii haitoki bila kufungua injini. Kazi hiyo apewe fundi. Mwisho, mnyororo uachiwe ulegevu wa sentimita 2 hivi, au kama kitabu cha pikipiki kinavyoagiza.

Kuvuja kusikoonekana

Katika pikipiki za zamani za Yamaha na Suzuki zinazochoma oili pamoja na petroli, oili ya gia hukaa peke yake. Ikipungua bila tone kuonekana chini, na moshi mweupe mzito ukitoka, sili ya kranki upande wa klachi imekwisha na injini inainywa oili hiyo. Na katika pikipiki yoyote, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji.

Ununuzi Kariakoo

Anayetumwa kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo na Gerezani achukue sili ya zamani mkononi. Juu yake zimeandikwa namba tatu: upana wa ndani, upana wa nje na unene, kwa milimita. Namba hizo zilingane na za sili mpya. Asitosheke na jina la pikipiki. Oili nayo iwe ya pikipiki, kwani baadhi ya oili za magari hufanya klachi iteleze.

Risiti iambatishwe kwenye hati ya malipo, na sili iliyotolewa ihifadhiwe hadi kamati iione. Katibu aandike katika daftari la pikipiki tarehe, kilomita na kiasi cha oili kila inapoongezwa. Daftari hilo likionyesha chupa baada ya chupa bila matengenezo, mkaguzi atauliza, na katibu mwaminifu atakosa la kujibu ingawa hakuiba hata senti. Sili ni kitu kidogo. Gia zikisagika kwa kukosa oili, chama hulipia injini.